Samaki Wenye Masikio

Rodah alishika kamba ya wavu upande wa kushoto, Mzee Oyoo upande wa kulia, wakauvuta polepole kutoka mwisho wa josho. Ng'ombe hawakuwa wameogeshwa humo tangu mwaka wa tisini na moja, dawa ya kupe ilipoacha kufika. Kikundi cha akina mama kililisugua kwa chokaa mara nne, kikaelekeza humo maji ya chemchemi, kikaweka vifaranga vya samaki aina ya ngege. Leo ilikuwa Jumatano. Kufikia Ijumaa walitakiwa kwa barua wawe wamemwonyesha naibu wa chifu samaki sitini, la sivyo kiwanja kingepewa Johana, aliyekuwa mwenyekiti wa josho.

Samaki wa kwanza alikuwa na masikio. Wa pili pia. Yalikuwa madogo kama majani ya chai, na la kushoto lilikatwa alama ya ukoo.

"Huyu ni Krismasi," Rodah alisema. Krismasi, ng'ombe wake, alikufa kwa ndigana, homa ya kupe, miaka mitano iliyopita, mwaka uleule dawa ilipokoma, akiwa na mimba ya miezi saba.

"Amenona," alisema Oyoo. Alikuwa amestaafu kazi ya boila katika kiwanda cha chai, na alikulia kando ya ziwa.

Habari ilifika sokoni, majirani wakaja kutambua ng'ombe wao. Yunia alikumbatia beseni. "Huyu ni wangu. Mtu asimguse na kisu."

"Mama, kwetu samaki akifika kwa sufuria hana jina," Oyoo alisema.

"Ndiyo maana hamna ng'ombe."

Oyoo alicheka, akaendelea kuvuta.

Kufikia adhuhuri walikuwa wametoa sitini na wanne, wote wenye masikio. Kila boma lilipata wake, isipokuwa la Johana. Alikuja mwenyewe na naibu wa chifu, akachungulia beseni moja baada ya jingine. Mwaka ule wa ndigana, ng'ombe wake waliogeshwa nyumbani, nyuma ya ghala.

"Mungu alinihurumia," alisema.

"Mungu na dawa yetu," Rodah akajibu.

Naibu wa chifu aliligeuza sikio la Krismasi kwa kalamu. Akaeleza kwa upole kwamba mnyama mwenye alama ya sikio ni mfugo, na mfugo aliyekufa hahesabiwi. Barua ilitaka samaki. Kuhusu dawa hakuandika neno. Johana akaanza kupima kiwanja kwa hatua.

Wenye masikio walihamishiwa kwenye kidimbwi cha kuoshea kwato. Yunia aliweka beseni chini, akaja kushika kamba nyuma ya Rodah. Wavu ukarudi majini.

Johana alipofika penye kamba alisimama, akingoja waishushe. Hawakuishusha. Akazunguka, akaanza kuhesabu hatua upya.

Giza lilipoanza kuingia walikuwa na samaki ishirini na watatu wasio na masikio. Oyoo alifunga wavu kwenye nguzo, nusu yake ikiwa bado majini.

"Kesho saa kumi na mbili," Rodah alisema. "Tuanzie upande wa kina."