Samaki Aliyeitwa Chemutai

Samaki wa kwanza alikufa siku ya Alhamisi, na Caren hakulitilia maanani. Samaki hufa. Yeye mwenyewe alikuwa amekula wengi, wa kukaanga na wa mchuzi, bila kuwauliza majina. Lakini huyu alikuwa na jina, na hapo ndipo shida yote ilipoanzia.

Jina alipewa na Aron, mume wake, karani wa kupima majani kwenye kiwanda cha chai kule Boito. Aron alikuwa na tamaa ya vitu vya wakubwa. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na sita meneja mmoja alihamishwa, akawagawia watu vitu asivyoweza kubeba. Wenzake Aron waling'ang'ania viti na jiko la gesi. Yeye akarudi nyumbani amekumbatia sanduku la kioo, na ndani ya ndoo samaki watano wa rangi ya chungwa, urefu wa kidole kila mmoja. Kuhusu samaki hakujua lolote ila kwamba wanakula. Alimwaga kokoto ndani ya sanduku, akajaza maji, akachomeka mashine ndogo ya kupuliza hewa ambayo ilinguruma mchana kutwa. Kisha, kwa ule mzaha wake usiojua mipaka, akawapa samaki majina ya marehemu wa ukoo wake: Kipkosgei, babake, Tapsabei, nyanya yake, Kimalel na Tabutany, ndugu za babake, na mdogo kuliko wote akamwita Chemutai, dada yake aliyekufa kabla yeye hajazaliwa.

Kila asubuhi aliwadondoshea chakula huku akiwaita kwa sauti kama mwalimu anayeita rejista. "Wanaitika," alisema akicheka. Na kweli walipanda juu wakafungua midomo, njaa ikiwasukuma. Caren, aliyekuwa na mimba ya miezi sita, hakupenda kuiangalia ile midomo.

Alikuwa na sababu. Kwao mtoto hazaliwi na jina. Akishazaliwa, wanawake wazima humzunguka wakataja waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, wakimsogezea ugoro puani, hadi apige chafya. Jina alilolipigia chafya ni lake, na mwenye jina amerudi. Ni watu wa kanisa, tena wa benchi la mbele, lakini jambo hili wachungaji wamelikemea mpaka wakachoka. Caren alikuwa amepoteza mimba mbili kabla ya hii. Hakuna aliyewahi kuitwa kwa ajili ya wale wawili. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: huyu wa tatu azaliwe, aitwe, na mtu aitike.

Ndiyo maana Alhamisi ya pili, wiki moja baada ya Kipkosgei, alipomkuta Tapsabei akielea ubavu, hakupuuza tena. Aliwahesabu waliobaki. Walikuwa wawili badala ya watatu. Alihesabu tena, akainama mpaka tumbo likagusa meza, akatazama nyuma ya kokoto. Chemutai hakuwepo. Alikwenda shuleni kufundisha akiwa na moyo mzito. Aliporudi saa kumi, Chemutai alikuwa ndani ya maji akizunguka polepole, kana kwamba hajawahi kutoka.

Aron alimwambia samaki hujificha. Alhamisi ya tatu alikufa Kimalel, na Chemutai akatoweka tena, na jioni akarudi tena. Mzaha ukamwisha Aron, ingawa hakukubali. Alibadilisha chakula. Alihamisha sanduku mbali na dirisha. Alinyamaza pia asubuhi, akawa anadondosha chakula bila kuita mtu. Alhamisi ya nne Tabutany alikuwa juu ya maji, tumbo jeupe limeelekea darini.

Wote hawa walikuwa wamekufa mara ya kwanza na kuzikwa, na sasa walikuwa wanakufa mara ya pili sebuleni kwake, mmoja kila wiki. Caren alijiuliza mtoto akizaliwa nani atabaki wa kuitika. 

Hakumwambia mama mkwe wake. Mama Taprandich alikuwa amekuja tangu Machi kumsaidia kazi za nyumba, mwanamke mkavu, mchapakazi, asiyeweza kuona kikombe bila kukisugua. Kila Alhamisi mchana wamama wa kanisa walikutana kwenye nyumba ile kwa maombi, na tangu Jumatano Mama alikuwa hapumziki. Kitu kimoja tu Caren alikuwa amekiona kwake bila kukielewa: kila alipokaa sebuleni, aligeuza kiti akalipa sanduku mgongo.

Asubuhi ile ya Alhamisi ya nne, badala ya kwenda shuleni, Caren alimwita jirani yao Okoth, makanika wa kiwanda, mtu wa kutoka kando ya ziwa. Okoth alianza kwa kumtania kwamba kwao samaki wa ukubwa huu hutupwa majini akakue kwanza. Kisha akatumbukiza vidole, akavisugua pamoja, na utani ukakoma. Alionja kidogo kwa ncha ya ulimi.

"Madam, hii maji iko na majivu," alisema. "Inateleza kama sabuni. Mamangu alikuwa anapikia mboga na maji kama hii. Nani anaweka majivu kwa samaki?"

Nyuma yao kitu kilianguka. Mama Taprandich alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Miguuni pake kulikuwa na jagi la plastiki lililolala, na katika maji yaliyomwagika sakafuni alikuwa anarukaruka Chemutai.

Caren hakuwahi kumwona mama mkwe wake akikimbia mpaka siku ile. Alipiga magoti, akamkusanya samaki kwa viganja viwili, akamrudisha ndani ya jagi, akalijaza maji safi ya mvua. Okoth aliaga haraka, akasema zamu yake imefika.

Mama alieleza yote akiwa bado amepiga magoti. Kila Jumatano, Caren akiwa shuleni, alikuwa anatoa kokoto zote, anazisugua kwa majivu jinsi anavyosugua sufuria na vibuyu tangu aolewe, anasugua kioo pia, kisha anarudisha kila kitu.

"Aron alisema watu wetu wako hapo ndani," alisema. "Kama ni watu wetu, wakae mahali safi. Sikujua nawaua."

"Na huyu mmoja unamtoa kwa nini?"

 Chemutai, Mama alisema, alikuwa na miaka minane. Walikwenda kwenye bwawa la shamba la chai kuchota maji, mtoto na Mama, na Mama akainama kufunga mzigo. Alipoinuka, ndoo ilikuwa inaelea peke yake. Jina lile halikutajwa tena nyumbani. Aron aliliokota kwa shangazi, bila habari ya bwawa. Na mpaka wiki iliyopita kila asubuhi alikuwa analiita, na kitu kilikuwa kinapanda kutoka kwenye maji. Mama hakuweza kumwangalia. Hakuweza pia kumwacha humo akisugua, kwa hiyo alimtoa kila Jumatano, akamweka chini ya kitanda chake katika maji ya mvua, akamrudisha kesho yake mchana maji yakishatulia.

Caren alilia, na haya yakamshika kwa yote aliyoyafikiria. Alimwinua Mama, akamkalisha, akampa chai. Kila kitu kilikuwa kimepata maelezo yake. Siku ile ile walitupa maji ya majivu, wakasuuza kokoto kwa maji matupu mara nyingi. Wiki zikapita, Jumatano baada ya Jumatano, na Chemutai aliishi. Alinenepa. Alipanda juu kila alipomwona Caren, na Caren akazoea kumwekea kidole kwenye kioo.

Mwezi wa saba Caren alijifungua mtoto wa kike hospitalini Kaplong, mzima, mwenye sauti. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, wanawake wanne walikaa sebuleni kumzunguka. Aron alikuwa nje na wanaume. Jua lilikuwa linapita kwenye sanduku la kioo, na mashine ikinguruma.

Walimwita Tapsabei. Mtoto alitulia. Walimwita Tabutany, wakasogeza ugoro. Mtoto alitazama dari. Waliwaita wanawake wazee wa ukoo wa Aron, wakawamaliza, wakahamia kwa kina Caren, wote watu waliokula chumvi nyingi wakaacha wajukuu, maana mtoto mdogo aliyekufa haitwi. Saa nzima ilipita. Mtoto hakukunja hata pua. Wanawake waliacha kutazamana.

Ndipo Mama Taprandich akageuza kiti chake, akalielekea sanduku. Caren alijua anachotaka kufanya kabla hajafungua mdomo, na alitaka kumkataza. Jina lile lilikuwa la bwawa. Lakini kulikuwa na kimya cha mtoto mikononi mwake, na wale wawili ambao hawakuwahi kuitwa, na hakumkataza.

"Chemutai," Mama alisema. Ilikuwa miaka ishirini na mitano tangu alipolitamka mara ya mwisho. "Chemutai, ni wewe?"

Mtoto alipiga chafya.

Wanawake walipiga vigelegele. Mama alimchukua mtoto akamkumbatia, machozi yakimtiririka, akimwambia karibu nyumbani, karibu nyumbani. Caren peke yake ndiye aliyekuwa anatazama sanduku. Samaki, aliyekuwa anaogelea vizuri katikati ya jua, alisimama. Kisha akalala ubavu taratibu, akapanda juu.

Caren aliinuka, akapita nyuma ya wanawake waliokuwa wanaimba, akatumbukiza vidole ndani ya maji na kuvisugua pamoja. Hayakuteleza. Yalikuwa maji safi, na baridi kuliko alivyotarajia.

Mtoto anakua vizuri. Mama Taprandich amerudi kuwa mtu wa kucheka, na kila jioni huomba apewe amwogeshe mjukuu wake. Caren hakubali. Hamtii mtoto ndani ya beseni, wala yeye mwenyewe hamwogeshi humo. Humpangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikakauka, na hata hapo humshika mkono kwa nguvu, kwa sababu kila anaposikia maji yakimiminwa, Chemutai hugeuka upande huo na kufungua mdomo.