Skana ya Swalihu na Harusi ya Kondoa

Nasma alishaanza kuichukia ile skana. Mumewe, Swalihu, aliinunua Dar, mtumba wa Dubai, enzi zile kila mwenye studio ya picha Dodoma alipotaka kompyuta dukani hata kama hajui pa kuiwashia. Haya, kazi ikapatikana. Mzee Nikodemo wa Mkonze, bwana shamba mstaafu, alileta sanduku la picha na negativu za ujana wake, zote ziingizwe kwenye CD. Na Jumamosi hiyo, kule Kondoa, anaolewa Stara, mdogo wake Nasma, aliyemlea kwa mikono yake. Nasma ndiye wa kumtia hina.

Swalihu alisema wataondoka kazi ya mzee ikiisha. Basi kazi ikagoma kuisha.

Maana aliiweka skana kwenye namba ya juu kabisa ya ukali wa picha, picha moja moja, na taa ya mashine ikawa inatambaa chini ya kioo mpaka chai inapoa. Nasma akilalamika anaambiwa haraka haraka haina baraka. Naye anajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwake lilishaanza kuuma. Kwenda peke yake angeweza, lakini midomo ya Kondoa angeifunga kwa kitu gani? Wangesema kaachika.

Alhamisi Swalihu alipokwenda kuswali adhuhuri, na baada ya swala huwa lazima apitie kahawa, Nasma akasema liwalo na liwe. Akasafisha kioo. Akapangusa picha kwa brashi laini, maana vumbi la Dodoma halina adabu, linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Akapanga picha nne kwa mpigo, akashusha namba hadi mia tatu, kisha akazitenganisha ndani ya kompyuta. Negativu, kwa kuwa ni ndogo na zinataka kukuzwa, akaziachia namba yao kubwa. Alasiri sanduku lilikuwa limekwisha.

Alijua atabishiwa. Kwa hiyo akachapa picha moja, ya shamba la zabibu, mara mbili kwa saizi ileile, moja iliyopitishwa na Swalihu na moja ya kwake, akatia alama nyuma kwa penseli. Mzee Nikodemo alipofika akamwamkia, kisha akamwomba mumewe mbele ya mteja achague iliyo bora.

Swalihu alivaa miwani, akazipeleka mlangoni kwenye mwanga, akainua moja.

"Hii, mzee. Ona zabibu zenyewe, mtu anaweza kuzichuma. Hii ndiyo kazi isiyo na papara."

Nasma akamwambia aigeuze. Alama ilikuwa ya Nasma. Ile nyingine ilijaa madoa, kwani namba kubwa ilikuwa imelinasa hata vumbi, tena kwa ubora wa hali ya juu. Mzee Nikodemo alicheka mpaka akashika meza, akachukua CD yake akaenda zake.

Hapo ndipo tumbo la Swalihu lilipoanza kuuma. Kikafuata kichwa, ukafuata mgongo. Nasma akafunga mlango wa studio.

"Baba Shaaban, unaogopa nini kwetu?"

Swalihu akatoboa siri. Kwenye harusi ya Swedi, kaka yake Nasma, filamu haikushika meno ya kamera. Siku nzima alifyatua, mwanga ukawaka, wakwe wakajipanga, na filamu haikusogea hata kidogo. Tangu hapo kila mama mkwe akiuliza anaambiwa picha ziko Dar zinasafishwa. Nasma alipandwa na hasira, maana aliyekuwa akimtetea kwa mama yake ni yeye. Halafu akamkumbuka mama huyohuyo alivyojishebedua na khanga mpya mbele ya kamera isiyonasa kitu, kicheko kikamponyoka. Hasira haikuisha, lakini. Alitia filamu mwenyewe, akamvisha mumewe kamera shingoni, na asubuhi wakapanda basi.

Kondoa walipokewa kwa bashasha. Swalihu, macho chini, akaanza kuomba radhi kwa maneno aliyoyatunga njia nzima. Mama mkwe hakumwacha afike mbali. Alinyoosha mkono apewe kamera, akaifungia kabatini.

"Mkwe wangu, tulijua zamani," alisema. "Safari hii wewe kula pilau tu. Mpiga picha tumeshamwita kutoka Babati."

Swalihu aliona heri angetukanwa. Nasma akajifunika uso kwa mtandio, akaingia ndani kumtia hina mdogo wake, mabega yakitikisika kwa kicheko.