Chatu Kwenye Sufi ya Mama

Jumanne asubuhi fundi magodoro alimshika panya kwa koleo, akamshusha taratibu ndani ya sanduku la kioo, akasubiri. Panya alikuwa ameshakufa na ameshapashwa moto kwenye maji, kama inavyotakiwa. Chatu alimkaribia, akamnusa kwa ulimi, kisha akageukia ukutani. Ilikuwa wiki ya saba.

"Haya, Mpangaji," fundi alisema. "Na leo tena?"

Mpangaji ndilo jina alilopewa na majirani, kwa kuwa mteja mmoja alihama akamwacha pale karakana, na tangu hapo hakuleta fujo wala hakuonyesha dalili ya kuondoka. Alikuwa chatu mdogo, urefu wa bakora, mpole kuliko watu wengi waliokuja kushonesha magodoro. Alitandikiwa sufi, kwa sababu fundi alikuwa na sufi kuliko kitu kingine chochote. Kila alipofumua godoro kuukuu aliichambua sufi yake, akaianika juani, akambakizia Mpangaji konzi kadhaa.

Kwamba chatu huyo alichukua tabia za mtu aliyeilalia sufi kabla yake, hilo mtaa mzima ulilijua na hakuna aliyelipotezea muda. Sufi ya mwalimu mstaafu ilimlaza amenyooka kama rula. Sufi ya mpishi wa hoteli ilimfanya ale panya watatu kwa mpigo, halafu akabaki anaangalia mlango kama kuna mwingine. Kilikuwepo kipindi ambacho akina mama wenye mabinti wa kuolewa walileta sufi waliyoichomoa kwenye godoro la mchumba. Siku moja Mpangaji, akiwa ametandikiwa sufi ya namna hiyo, aliinua kifuniko kwa kichwa, akavuka barabara, akaenda kujikunja chini ya kiti cha mwanamke anayeuza vitambaa, na ndoa ikafa hapo hapo. Baada ya hapo fundi akakataa kazi hizo. Alisema yeye anafumua magodoro, hafumui nyumba za watu.

Ila kugoma kula kulikuwa jambo geni. Fundi aliishi peke yake katika chumba cha nyuma ya karakana, magodoro yamepandana hadi darini, na kusema kweli alimpenda yule chatu. Alimtia kwenye foronya safi, akampeleka kwa daktari wa wanyama.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo asiye na papara. Alimfungua chatu kinywa kwa kijiti, akamkagua magamba, akampima uzito.

"Sanduku lina joto?"

"Lina taa, daktari. Upande mmoja moto, wa pili umepoa."

"Maji?"

"Yapo."

"Anakaribia kujivua ngozi?"

"Ameshajivua mwezi uliopita."

"Basi tatizo liko chini. Huyu mnyama analala na kutembea kwa tumbo, matandiko ndiyo dunia yake. Yakiwa na unyevu, hali. Yakiwa na vumbi, hali. Yakibadilika harufu ghafla, hali. Mara ya mwisho ulibadilisha lini?"

Fundi alihesabu kwa vidole. "Wiki saba."

"Ukamtandikia nini?"

"Sufi ya mama yangu."

Daktari aliandika hayo kwenye kadi. "Na mama anakula?" aliuliza bila kuinua macho.

Fundi hakuwa anajua, na aibu ilimpanda hadi masikioni.

Mama yake alikuwa amepelekwa nyumba ya wazee. Aliyeamua ni dada mkubwa, ambaye watoto wake wameshaoa na kuolewa na nyumba yake ina vyumba vitatu visivyolaliwa na mtu. Dada alisema ana presha, hawezi kuuguza. Kaka alisema mke wake hatakubali, ingawa mke mwenyewe hakuulizwa. Fundi alisema hana nafasi, akaonyesha magodoro. Kule nyumba ya wazee hawataki sufi, wanataka sponji yenye gamba la plastiki, la kupanguswa kwa kitambaa. Basi fundi akamshonea mama sponji kwa mkono wake, mshono wa mara mbili, akaona amemtendea jambo kubwa. Lile godoro alilolilalia mama kwa miaka arobaini akalibeba akalifumua. Sufi yake ilikuwa bado nzuri, na yeye si mtu wa kutupa kitu kizuri.

Daktari alimshauri amtandikie chatu karatasi nyeupe. Fundi akafanya hivyo, na jioni ile ile Mpangaji akala bila ubishi. Hapo mambo yangeweza kuishia. Lakini fundi hakupata raha. Juma lililofuata aliondoa karatasi, akarudisha sufi ya mama, akaleta panya. Chatu akageukia ukutani.

Alipiga simu nyumba ya wazee. Mhudumu akamwambia asiwe na wasiwasi, bibi anakula vizuri, sahani yake inarudi tupu kila siku.

Jumamosi fundi alimwachia fundi cherehani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ulinzi wa karakana na panya mmoja aliyepashwa moto, akaenda mwenyewe. Akafika wakati wa chakula cha mchana. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vilivyopangwa mstari, wote wanaelekea televisheni, kila mmoja na sinia lake mapajani. Mama alikuwa amekonda hadi bangili inateleza kufika kwenye kiwiko. Alikuwa anamsogezea sahani yake bibi wa kiti cha pili, ambaye alishamaliza ya kwake na hakuwa mtu wa kukataa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, kitindamimba wangu. Umekula?"

"Mama, wewe ndiye huli."

"Nani kakwambia?"

"Chatu."

"Ahaa." Mama alifikiri kidogo. "Umemtandikia sufi yangu? Maskini wa watu, atakonda bure."

"Chakula ni kibaya?"

"Chakula hakina kosa lolote. Ni mimi siwezi kumeza. Nimewapakulia watu maisha yangu yote, huyu anataka mchuzi, yule anagombea nyama. Hapa kila mtu anakula na televisheni."

Fundi akavuta kiti, akakaa mbele yake, akaikinga televisheni kwa mgongo. Walikula sahani moja wote wawili. Mama alimkaripia kwa kumega tonge kubwa, akala, akaomba kuongezewa. Fundi magodoro aliporudi karakana, fundi cherehani alimwambia kwamba saa saba na nusu Mpangaji alijigeuza, akammeza panya, akalala.

Fundi alifurahi hadi akakaa chini. Aliwapigia dada na kaka, akawaambia waje Jumapili, kuna jambo la mama.

Walikuja na mkate na chupa ya chai, wakakaa kwenye magodoro kuzunguka sanduku la kioo. Fundi aliwaeleza yote. Hawakubisha, maana si mambo ya kubishia.

"Kwa hiyo mama anataka watu," fundi alimaliza. "Arudi nyumbani. Dada, kwako kuna vyumba."

Dada aliutazama mkate. Macho yalimlenga machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. "Nampenda mama," alisema. "Lakini siwezi. Usinisukume."

"Wewe je?" kaka alimuuliza fundi. "Haya magodoro hayawezi kusogezwa?"

Fundi aliyatazama. Yangeweza kusogezwa. "Ni ya wateja," alisema.

Wakawa wanakula kwa sababu chakula kilikuwepo. Kaka alichukua kipande kikubwa, dada akamwambia apunguze ulafi, wakacheka kidogo. Ndani ya sanduku, chatu alijikunjua, akawaelekea wote watatu, akammeza panya aliyekuwa amewekwa tangu asubuhi. Haikupita nusu saa, simu ikalia. Mhudumu alitaka kuwajulisha kwamba bibi amekula sahani nzima peke yake, na amemnyang'anya jirani ndizi.

Dada alijifuta macho. "Si mnaona?" alisema. "Basi dawa imepatikana."

Ikawa hivyo. Wakapanga kukutana hapo kila Jumapili, kwa kuwa karakana iko njiani, kuna pa kuegesha gari, na hakuna kitabu cha wageni cha kutia sahihi. Siku za katikati ya juma fundi alikula na chatu mchana na jioni. Wajukuu wakaanza kuja. Waliinama mbele ya kioo wakasema "Shikamoo, bibi," wakakaa kula. Mpangaji alinenepa. Mama naye alinenepa, na nyumba ya wazee ikaandika barua ya kuishukuru familia kwa ushirikiano. Fundi alikuwa amekusudia kwenda tena kumwona, na nia hiyo alikuwa nayo kila wiki.

Jumapili moja jioni, wenzake wakiwa wamesimama wanakung'uta makombo na kutafuta funguo za gari, mama alipiga simu mwenyewe.

"Leo nimeshiba," alisema. "Nimesikia kama mko hapa."

"Tupo, mama."

"Mko wapi?"

Fundi alimwangalia chatu, akawaangalia ndugu zake mlangoni. "Tuko pamoja," alisema.

"Haya. Ila msiwe mnakula mbio mbio, wanangu. Mkimaliza, huwa naona mnavyoondoka."

Gari liliwashwa nje, likaondoka. Fundi alivuta kiti karibu na kioo. Alikuwa ameshiba hadi kooni, lakini akakata kipande kingine cha mkate, akaanza kukitafuna polepole.