Chumvi ya Maji Saba

Kama kuna kiumbe anayeuchukia unyevu kuliko paka, basi ni mkwe wa Mama Ndoo. Akishamaliza chai, kikombe hukifunika kifudifudi hapohapo. Mwavuli huuanika hata siku ambayo haikunyesha. Vile vifuko vidogo vya shanga za kukaushia, vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu vipya, yeye huviweka mifukoni, na viwili huvichomeka soksini. Muuza viatu wa pale njia panda alishazoea kumwekea, akidhani mzee wa watu anavila. Kazini walimwita Mzee Kavu, naye alilipokea jina hilo kama mtu aliyepandishwa cheo.

Kazi yake ilikuwa kutunza chumba cha mawe, kwenye iliyokuwa ofisi ya mgodi wa zamani. Mgodi ulikuwa umefungwa siku nyingi, ila mawe yake yalibaki ndani ya masanduku ya vioo, kila moja na kibandiko chake. Mama Ndoo ndiye aliyefagia. Nyumbani alikuwa mama mkwe, na Mzee Kavu hakuthubutu hata kupiga miayo mbele yake. Ofisini Mzee Kavu alikuwa bosi. Mpaka ulikuwa geti. Nje ya geti: "Shikamoo, mama." Ndani ya geti: "Mama Ndoo, pale bado pana vumbi." Naye hujibu, "Sawa, bosi," kwa sauti ambayo mwenye masikio angeiogopa.

Lakini vumbi lenyewe halikuwapo. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kwa miaka thelathini. Alijigamba kisimani, alijigamba misibani, kwamba chini ya paa lile hakuna pembe ambayo ufagio wake haujaifikia.

Sasa barua ilikuwa imekuja. Makao makuu walitaka kukifunga chumba, mawe yatiwe kwenye makasha na kupelekwa kwao. Kitu kimoja tu kingekiokoa: chumvi ya waridi. Jiwe hilo lina rangi ya ufizi wa mtoto mchanga, linang'aa kama kioo, na duniani hupatikana mahali pa kuhesabika, ndani ya migodi mizee yenye kubaki na majimaji. Chumbani kilikuwamo kipande chake kimoja, na mtaalamu angekuja alihakikishe jiwe hilo kwa macho yake. Akiliona, chumba kitabaki. Asipoliona, kufuli.

Mama Ndoo hakuogopa kukosa kazi. Aliogopa kushinda nyumbani na mkwe huyohuyo kutwa nzima, anamfuata nyuma na kitambaa kikavu, na hakuna geti katikati.

Siku ya mgeni, Mama Ndoo alifika saa moja na nusu asubuhi. Hata kilemba hajakaza, akasikia ukelele kutoka chumbani.

"Mama!"

Si "Mama Ndoo." "Mama." Akajua mambo yameharibika, geti limesahaulika.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Imekufa."

"Nani kafa?"

"Chumvi."

"Alhamdulillahi. Nilidhani binti yangu."

Mzee Kavu alikuwa amekumbatia chupa ya kioo yenye mfuniko. Jana yake ndani mlikuwa na kipande cha waridi kinachometa. Leo mlikuwa na kitu kimefifia kama kanga iliyofuliwa mara mia, kimepasukapasuka, na chini yake ungaunga.

"Umekifanya nini?"

"Nimekilinda! Mgeni anakuja, nikasema nisije nikaaibika, nikabadilisha chupa, nikaweka..."

Mama Ndoo akainama. Chini ya ungaunga kulikuwa na vifuko vinane vya kwenye maboksi ya viatu.

"Mwanangu, kibandiko si kipo? Mimi nilisoma madarasa manne tu, lakini kile nimekifuta vumbi miaka yote mpaka nakijua kama jina langu. Kila chembe ya chumvi hii imeshikana na maji saba. Ni kama bibi na wajukuu saba: mmoja mgongoni, wawili mapajani, wengine wanamvuta gauni. Mnyang'anye mmoja, atanuna. Mnyang'anye watatu wanne, anaketi chini na kubomoka. Wewe umeleta wezi wanane wa wajukuu!"

"Basi tumrudishie wajukuu," alisema Mzee Kavu, na kabla hajaambiwa ngoja, alishamimina glasi nzima ya maji ya kunywa.

Wote wawili wakatazama. Unga ukayeyuka, ukazunguka, ukaisha. Kilichobaki kilikuwa kama sharubati.

"Usiionje," alisema Mama Ndoo. "Ina sumu."

"Nani anataka kuionja!"

"Nakwambia tu, maana leo sikuamini."

Hapo kicheko kikamshika Mama Ndoo. Kilikuwa kile cha msibani, ambacho kadiri unavyokibana ndivyo kinavyotokea puani. Mzee Kavu aliimimina sharubati yake kwenye sahani, akaipepea kwa gazeti, akaizungukia mara tatu.

"Mwanao ana rangi ya kucha. Ya waridi. Tuchukue jiwe la chokaa, tulipake."

"Mtaalamu kasoma miaka arobaini, unadhani hajawahi kuona kucha?"

"Basi nisaidie, mama!"

Alivyosema vile, kwa sauti ya mtoto aliyevunja mtungi, kicheko kikamkauka Mama Ndoo. Akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Kuna nyingine," alisema.

"Wapi?"

"Stoo ya ndoo."

Stoo hiyo ilikuwa nyuma ya jengo, na kwa kweli ilikuwa mdomo wa handaki la mgodi wenyewe, hatua nne, kisha nondo za chuma zinazozuia watu kwenda ndani zaidi. Kuta zilitoa jasho mwaka mzima. Mzee Kavu hakuwahi kuikanyaga.

"Inaota ukutani," alisema Mama Ndoo. "Kila kiangazi maji yakipungua, inatokeza kama vipele. Naikwangua kila Jumamosi."

"Unaikwangua!"

"Si ulisema kuta zote ziwe safi? Niliona inachafua matambara yangu."

Mzee Kavu akaketi juu ya kasha. "Miaka yote hiyo unatupa mali jalalani. Haya, wiki hii bado hujakwangua, leo Alhamisi."

"Jana nimekwangua mara mbili. Si ulisema mgeni anakuja?"

Mzee Kavu alifungua mdomo, akaufunga, akaupangusa.

Mama Ndoo hakuwa amesema yote. Kulikuwa na neno moja limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alilisogeza huku, akalisogeza kule, akaona heri alimeze. Ndipo gari lilipounguruma nje, saa nzima kabla ya wakati.

Mtaalamu alikuwa bibi mdogo wa umbo, nywele nyeupe, viatu vya mgodini vinavyofika magotini, na kofia ngumu iliyomshukia machoni kila alipotikisa kichwa. Alisalimia, akavua miwani, akaiinamia ile sahani.

"Nani kainywesha maji?"

Mzee Kavu akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Na kabla ya hapo, nani aliikausha?"

Kidole kilikuwa hakijashuka. Kikabaki palepale.

Bibi yule alicheka mpaka kofia ikamfunika pua. Kisha akairudisha juu na kutoa kalamu, na kicheko kikaisha. "Ndugu yangu, pole. Mkiiacha taratibu mahali penye ubaridi, itaota tena. Lakini itakuwa imeota sahanini. Mimi nimetumwa kuiona inayoota yenyewe, kwenye mwamba. Kama haipo, nitaandika haipo."

Akafungua daftari. Kalamu ikagusa karatasi.

"Ipo," alisema Mama Ndoo.

Kalamu ikasimama.

"Ipo wapi, dada yangu?"

Mama Ndoo alimtazama mgeni, akamtazama mkwewe, akatazama sakafu yake iliyong'aa. "Stoo. Nyuma ya kabati la chuma. Sijalisogeza tangu liletwe. Nafuta panapoonekana tu. Nyuma sijafagia miaka kumi na mmoja."

"Mama!" Mzee Kavu alisahau sahani, akasahau mgeni. "Lakini wewe kila siku unasema hakuna pembe..."

"Nasema, ndiyo. Mdomo haufagii."

Wakaenda. Mlangoni mwa stoo Mzee Kavu alisita, akavuta pumzi kama mtu anayetumbukia mtoni, akaingia. Kabati lilikuwa la mafaili, refu, limeshika kutu mpaka miguuni, na lilikuwa limejaa karatasi za watu waliokwisha kustaafu. Mtaalamu akashika upande mmoja, Mama Ndoo upande wa pili, Mzee Kavu akasukuma kwa bega.

"Moja, mbili..." alihesabu Mzee Kavu.

"Bado sijashika!" alisema Mama Ndoo.

"Sasa umeshika?"

"Nimeshika kidole chako."

"Ndicho ninachokulilia!"

Lilitoka ghafla, likampeleka Mzee Kavu kwa makalio mpaka kwenye ndoo yenye matambara mabichi. Hakuna aliyemwangalia.

Nyuma ya kabati palikuwa pachafu, na Mama Ndoo alitamani ardhi impasukie. Buibui walikuwa wamejenga mji. Palikuwa na ndara moja, vibanio vitatu vya nguo na mzoga mkavu wa mende. Lakini juu ya uchafu huo, kutoka kiunoni hadi darini, mwamba mzima ulikuwa waridi. Chumvi ilikuwa imetanda kama ukoko wa sufuria, na juu ya ukoko zimesimama sindano nyembamba kama kope, na kutoka kwenye boriti kongwe imening'inia tone kwa tone, kila tone gumu, kila tone linapokea mwanga wa tochi ya mtaalamu na kuurudisha ukiwa mwekundu kidogo.

Yule bibi akapiga magoti matopeni. Kisha akaanza kuchekacheka, kama msichana aliyepewa bangili.

"Miaka thelathini nasoma habari zake. Huwa naona vigaga vya ukubwa wa ukucha. Dada, kama usingekuwa mvivu..."

"Tafadhali! Nina mkwe hapa."

"Samahani. Kama usingekuwa na busara ya kuliacha kabati mahali pake."

"Hapo sawa."

Mzee Kavu alikuwa ameshajinasua kutoka kwenye ndoo, suruali inachuruzika, na mkononi ana chupa safi. "Basi tukate kipande kizuri, nikipeleke kwenye sanduku lake, halafu..."

"Usiguse!" walipiga kelele mabibi wote wawili kwa pamoja.

"Ukiitoa humu," alisema mtaalamu, "kwenye hewa ya nje, haitafika mbali kabla haijaanza kupoteza maji yake. Inaishi kwa pumzi ya handaki hili. Hii haisafiri."

Mzee Kavu akatafakari. Lilimwingia polepole, kama maji yalivyokuwa yakimwingia viatuni. "Haisafiri. Kwa hiyo haiwezi kupelekwa makao makuu?"

"Haiwezi kupelekwa hata ofisini kwako."

"Na chumba kikifungwa?"

"Kitafungwaje? Nani ataitunza?" Mtaalamu alikuwa tayari anaandika, daftari juu ya goti lenye tope. "Naandika chumba kibaki, na stoo hii iwe sehemu yake. Na lazima mtunzaji mwenyewe awe anakaa humu, angalau saa mbili kila siku, kupima unyevu. Ukishuka, anamwagia sakafu maji."

Mama Ndoo akageuza shingo taratibu, akamtazama bosi wake.

"Mtunzaji mwenyewe?" aliuliza Mzee Kavu.

"Mwenyewe. Asiwe mwingine."

Bibi yule akatoa mkobani kipima unyevu, kisaa kidogo cha mviringo, akamkabidhi. Mzee Kavu akakisogeza kwenye mwanga, akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza tanzia:

"Asilimia tisini na mbili."

Mama Ndoo alishika nondo asianguke. Kicheko cha asubuhi kilikuwa kimerudi na ndugu zake wote. Mtaalamu akaambukizwa, kofia ikamshukia mpaka kidevuni, na mwisho Mzee Kavu naye, aliyelowa kuanzia kiunoni, akashindwa, akaachia kicheko kikubwa ambacho mama mkwe wake hakuwahi kukisikia tangu amwoze binti. Sindano moja ya waridi ikakatika ukutani, ikadondoka.

"Shhh!" mtaalamu alinong'ona. "Taratibu, inaanguka!"

Basi wakaziba midomo kwa viganja, wazee watatu, wakabaki wamesimama mbele ya ukuta ule, mabega yanatikisika, machozi yanawatoka, na hakuna aliyethubutu kutoa sauti.