Karte Iliyonuka Kiberiti

Eliezer alizilaza karte mbili juu ya kitambaa, kama muuza samaki anayejua kwamba mteja huyu hatasema neno mpaka amegeuza kila mmoja tumbo na mgongo. Duka lake lilikuwa chumba kimoja karibu na mpaka mdogo wa kuendea Goma, na mlango wake haukuacha kupitisha sauti za akina mama wenye beseni za nyanya na motari wa pikipiki wanaogombea abiria.

"Chagua, dada," alisema. "Hii ndogo iko na feni moja, haikule courant mingi, umeme kidogo tu inatosha. Hii kubwa, feni mbili, nguvu ya ng'ombe. Zote ni za kutumika, lakini zote zinafikisha picha ya 4K. Tele yako itacheka yenyewe."

Mukundwa aliziinamia zote mbili. Shule aliiacha darasa la sita, na tangu hapo mengi aliyoyajua aliyapata kwa macho na pua. Enzi zile alipouza nguo za mitumba soko la Mahoko, alikuwa akinusa kola ya shati na kujua kama mwenyewe alilivua kwa kulichoka au alivuliwa. Akaichukua karte ndogo, akainusa. Plastiki, na mafuta ya kukaangia. Hii imetoka kwenye nyumba ya watu wanaokula, akawaza. Akaichukua kubwa. Ilinuka njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi.

"Hii ilitoka wapi?"

"Kigali."

"Kigali wapi?"

"Ah, sha! Unanunua karte ao unaoa?" Eliezer alicheka. "Kitu ya kutumika ni kama mume wa pili. Usimuulize ya nyuma, angalia tu kama anafanya kazi."

"Mume wa pili ndo wa kuulizwa sana, kaka Eliezer."

Hapo Eliezer akasalimu amri. Wakakubaliana Mukundwa abebe zote mbili, Eliezer aje alasiri kumpachikia azijaribu nyumbani kwenye televisheni yake, na moja irudi kesho.

Karte yenyewe ni kile kipande cha ndani ya kompyuta kinachochora picha na kuipeleka kwenye kioo. Mukundwa hakujua hata kama kipo, mpaka televisheni ilipomfundisha. Aliinunua kwenye hoteli ya ufukweni anakofua mashuka, siku hoteli ilipobadilisha vitu vyake. Ilikuwa pana kama meza ya arusi, na waliomuuzia walisema inaweza kuonyesha unywele mmoja wa mtu aliye mbali. Lakini kompyuta ya zamani aliyoiunganisha nayo haikuwa na pumzi. Picha ilikimbia, ikasimama, ikavunjika vipande kama sahani. Na kitu alichotaka kukiona kilikuwa kidogo mno.

Kisa ni hiki. Usiku ule mlima wa moto ulipopasuka juu ya Goma, mbingu ikawa nyekundu kama mdomo wa tanuru, na watu wakamiminika mpakani na magodoro, mbuzi na watoto. Mpiga picha wa arusi mmoja alipanda juu ya paa na kamera yake nzuri, akapiga yote. Kaka yake Mukundwa, Janvier, alikuwa fundi cherehani upande wa pili. Tangu usiku ule hakuonekana, wala mwili wake haukuonekana. Lakini katika film ya yule mpiga picha, mbali kabisa, kwenye kizuizi cha mpaka, alikuwapo mtu mwenye sweta ya njano. Kwenye simu hakuzidi punje ya hindi.

Sweta ya Janvier aliifuma mama yao, Nyiraneza. Uzi wa njano ulimwishia kabla ya kazi kwisha, akamalizia pindo la mkono wa kushoto kwa uzi wa kijani. Basi jambo lote lilikuwa pale kwenye pindo. Likiwa kijani, Janvier alivuka mpaka. Likiwa njano, huyo ni mtoto wa wengine, na Nyiraneza aite watu, waketi, waombe, wamalize kilio kama walivyomaliza wenzao. Miaka yote hiyo alikataa. Alikuwa akilala kwenye mkeka kando ya mlango, na mlango haukutiwa komeo, kwa sababu mtoto hagongi kwao. Baridi ya ziwa ilimwingia kifuani, akaanza kukonda. Ukweli ni kwamba Mukundwa hakuwa akimtafuta kaka yake tena. Alikuwa akitafuta namna ya kumrudisha mama kitandani.

Alasiri ile mvua ilikuwa ikinyesha. Wakashusha pazia. Televisheni ilisimama mbele ya ukuta wenye ufa, ufa ulioachwa na matetemeko ya juma lile lile la mlima. Eliezer alifungua kompyuta, akapachika karte ndogo, na Mukundwa akaifuata mikono yake kwa macho, kidole kwa kidole. Flash yenye film ya mpiga picha ikaingia. Film ikafunguka.

"Yoo!" Nyiraneza alishika mdomo.

Kila kitu kilikuwa pale. Jicho la mbuzi. Sikio la mtoto mgongoni. Uzi uliochomoka kwenye godoro. Na kule kizuizini, mtu wa sweta ya njano: mwenye masharubu, shingo nene, mapindo yote mawili ya njano.

Nyiraneza alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Alitazama sana.

"Huyu si wangu," akasema.

Mukundwa alipumua, kisha akaionea haya pumzi yake. "Basi, Mama. Tumalize."

"Ile ingine."

"Mama, karte ni kama miwani," Eliezer alisema kwa upole. "Haibadilishake mutu. Utaona kitu ile ile."

"Kama ni kitu ile ile, inakukatalia nini kuiweka?"

Eliezer akachukua tena bisibisi. Simu ikamwokoa: mteja alikuwa dukani, amelowa, anangoja. "Dada, umeona vile ninafanya," alimwambia Mukundwa akivaa koti. "Zima kwanza. Fungua vis moja, bonyeza ule ulimi, vuta. Lakini film ikiwa inatembea usichomoe courant. Flash itakufa, na film safi ni hiyo moja tu."

Nyiraneza, licha ya kifua chake, alijifunga kitenge chake cha bluu cha majani meupe, akavaa kandambili, akatoka na mgeni kwenye mvua. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba yake. Mgeni haachwi mlangoni. Unatembea naye, na hugeuki mpaka yeye mwenyewe akurudishe. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo alivyolea wanawe. Kwenye kona Eliezer alimwambia, "Rudi, Mama, hapa panatosha," naye akarudi.

Alikuta Mukundwa amekwisha kuchomoa karte ndogo na kuigeuza kubwa juu ya kanga ili aipulize vumbi. Vumbi halikuruka. Zilimwagika punje nyeusi, kavu, za kukwaruza. Mukundwa alizijua. Juma lile la mlima alizikung'uta kutoka kwenye mashuka ya hoteli kila asubuhi. Kigali hakukunyesha majivu.

Angeweza kusema imekataa kuwaka. Lakini mama alikuwa amekwisha kukaa, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa ndani kwa daktari. Akaipachika.

Film ilikuwa ile ile. Mbuzi yule yule, sikio lile lile. Tofauti ilikuwa wekundu wake. Ulitoka kwenye kioo ukapaka pazia, ukapaka ufa wa ukuta. Na kule kizuizini mtu wa sweta ya njano alikuwa mwembamba, kichwa amekiinamisha upande kidogo, kama anayesikiliza cherehani. Pindo la mkono wa kushoto lilikuwa kijani.

Nyiraneza alisema tu, taratibu, "Mutoto wangu amekonda."

Watu wote walikuwa wakija upande huu. Janvier alikuja na mzee mmoja, amemshika kiwiko, akamfikisha kwenye kizuizi. Mzee alisema neno. Janvier akageuka, akarudi kule kwenye moto. Punde akaja tena na mwanamke mwenye mimba, akamfikisha, mwanamke akasema neno, naye akarudi. Katika umati mzima ni yeye peke yake aliyekuwa akienda na kurudi.

"Unamuona?" Nyiraneza alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha zamani, cha kabla ya mkeka. "Anasindikiza! Dunia inaungua, yeye anasindikiza watu! Nani mwingine angemulea hivi?"

Film ilifika mwisho. Haikuzimika. Ikaanza tena bila mtu kuigusa, na mara hii umati ulikuwa umepungua. Ikaanza tena. Barabara ilibaki tupu, imebaki kandambili moja ya mtoto na godoro lililoachwa. Janvier alikuwa amesimama kizuizini, hana wa kumshika kiwiko. Akainua uso, akatazama huku. Hakuitazama kamera. Alitazama chini ya kamera, pale walipokaa Mukundwa na mama yake.

Feni za karte zilivuma. Harufu ya kiberiti ilijaa chumbani.

Nyiraneza alisimama. Alikaza kitenge, akatafuta kandambili zake kwa vidole vya miguu.

"Mama, unaenda wapi?"

"Amefikisha watu wote. Yeye hakuna wa kumufikisha." Aliisema kama mtu anayesema maziwa yamechemka. "Mi namusindikiza kidogo tu."

Hakwenda mlangoni. Alisimama mbele ya televisheni, akatulia. Na kwenye kioo, kutoka ukingo wa chini, akaingia mwanamke, mgongo kwao, kitenge cha bluu cha majani meupe, akitembea barabara ile tupu kuelekea kizuizini.

Mukundwa alimshika mama mkono. Ulikuwa baridi kama samaki. Kila mwanamke wa kwenye kioo alipoinua mguu, ule mkono ulizidi kuwa mzito. Macho ya mama yalikuwa wazi, na wekundu wote ulikuwa ndani yake.

Alinyoosha mkono wa pili mpaka kwenye waya wa umeme. Vidole vilikwisha kuushika. Halafu akaona mbali alikofika yule mwanamke, akajiuliza: nikikata sasa, mama atabaki upande gani? Akauachia waya kama aliyegusa kaa la moto.

Kwenye kioo mwanamke alikuwa amemfikia Janvier. Janvier alimshika kiwiko. Wakageuka pamoja kuelekea kule kwenye moto, polepole, kama watu wenye maongezi. Na Mukundwa alimjua mama yake. Hatageuka. Hata njia iishe, hatageuka mpaka mgeni amrudishe.

"Janvier!" aliita. "Kaka, sikia! Kifua kinamuuma. Na mvua iko inanyesha. We ndo mugeni, na mugeni ndo anasemaka. Sema neno, kaka. Murudishe."

Mvua ilipiga bati. Wale wawili waliendelea, hatua, na hatua nyingine.

"Alikufundisha we mwenyewe! Alitufundisha wote!"

Janvier alisimama. Alikaa hivyo, kichwa upande, kama anayesikiliza. Kisha akautoa mkono wake kwenye kiwiko cha mwanamke na kuuinua, pindo la kijani likaonekana wazi, kila tundu la uzi. Midomo yake ilicheza. Film ile tangu mwanzo haikuwa na sauti, lakini maneno yale Mukundwa aliyajua kwa umbo.

Mwanamke alibaki amesimama. Ilikuwa kama hataki. Halafu akageuka, na uso wake ulikuwa wa Nyiraneza, kila kunyanzi mahali pake, akaanza kurudi huku akichechemea, na hakuangalia nyuma, kwa kuwa aliyeagwa haangalii nyuma. Alipofika ukingo wa chini wa picha, kioo kikawa cheusi. Feni zikasimama.

Mkono wa mama ulirudiwa na joto kwanza kwenye kidole gumba.

"Nina baridi," Nyiraneza alisema. Alikaa chini kama mzigo. "Weka chai, mwanangu. Tangawizi mingi."

Mukundwa alipoinama kumvua kandambili alizikuta zimejaa majivu meusi mpaka katikati ya vidole. Alizipeleka kwenye bomba uani, akazisugua, na maji yakaenda meusi muda mrefu kuliko alivyotegemea. Aliporudi mama alikuwa akinywa chai, akitazama kioo kilichozimika.

"Tuite watu," alisema Nyiraneza. "Jumamosi. Tumalize kilio. Amenirudisha mwenyewe, siwezi kumubishia."

Jioni ile mkeka ulikunjwa. Nyiraneza mwenyewe alitia komeo mlangoni, akalijaribu, kisha akalijaribu tena.

Kesho yake Mukundwa alikuwa dukani kwa Eliezer, karte kubwa imefungwa ndani ya kanga.

"Nimechagua ndogo."

"Kubwa iko na kasoro?"

"Hapana. Inaonyesha vizuri kupita kiasi."

"Sasa?" Eliezer alifungua kanga, akaona zile punje, akazipangusa kwa kidole, akayatazama majivu, na maneno yake yakawa machache kuliko kawaida. "Bon. Na ile film?"

"Tumeiona."

Eliezer alitaka kuirudisha karte mezani, juu ya kitambaa, na Mukundwa akauweka mkono wake pale. "Usiuzie mutu mwenye kupotelewa na mutu."

Eliezer alianza kucheka, akaacha. Nje akina mama walikuwa wakipita na beseni, wakienda Goma, wakitoka Goma. "Dada," alisema, "hapa mpakani nani hakupotelewa na mutu?"

Mukundwa alikunja kanga yake. Akaaga. Eliezer, kwa adabu, alifunga duka nusu, akatoka kumsindikiza. Walikuwa hawajafika hata kwenye mfereji wa barabarani Mukundwa aliposimama.

"Rudi, kaka. Hapa panatosha."

"Mapema hivi? Mama yako ananifikishaka mpaka kwenye kona na mvua yote, we unanirudishia mlangoni?"

"Rudi."

Eliezer aliinua mabega, akageuka. Mukundwa hakuondoka. Alisimama pale barabarani, motari wakimpigia honi, akamtazama mpaka alipofika mlangoni, mpaka alipoingia, na mpaka alipokuwa na hakika kwamba ameingia peke yake, bila aliyemshika kiwiko.