Viti Sita vya Buluu

Mke wangu husema mimi hata kivuli changu nakitilia shaka. Ni kweli. Nimetengeneza viti vya magurudumu miaka tisa katika kituo anachokiongoza dada yangu, na fundi asiye na shaka ataangusha mtoto wa watu. Kila nikimaliza kukarabati kiti, nakwaruza alama ndogo kwa msumari chini ya kikalio. Sijawahi kumwambia mtu.

Kituo chetu kinaishi kwa wafadhili. Wao wanalipia viti, sisi tunabandika stika zenye jina lao, watoto wanapigwa picha, picha zinarudi kwao. Nani atapiga picha pancha? Viti vipya havikosi mtu wa kuvilipia, ila tairi na skrubu ni yatima.

Mwaka huu tuliahidiwa kumi na viwili. Kimoja kilikuwa cha binti wa kinyozi wa pale kona, mtoto wa miaka kumi na mmoja ambaye baba yake humbeba mgongoni kwenda shule. Binti anakua na kinyozi anazidi kukonda. Kila akininyoa aliniuliza, nami nilimjibu kiti kinakuja.

Viti vilifika siku niliyochukua ruhusa. Nikavikuta stoo, vyote vya buluu, stika zinang'aa. Dada akanipa karatasi nitie sahihi kwamba kumi na viwili vipya vimepokelewa. Nikamwuliza mbona stoo inanuka rangi. Akasema vitu vipya hunuka, na wala hakuniangalia, yeye ambaye hukukazia macho hata akikuomba chumvi. Nikamwambia nitasaini baadaye.

Alipotoka nikakipindua kimoja. Kilikuwa safi. Cha saba kilikuwa na alama tatu za msumari wangu. Sita kati ya vile kumi na viwili nilikuwa navijua kama wanangu: ni vya watoto ambao wazazi wao waliambiwa wiki iliyopita wavilete kwa matengenezo, na mimi fundi sikuletewa hata kimoja.

Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea. Nikaanza kumchunguza dada: mapazia mapya ofisini, simu anazotoka nje kupokea. Nikawa nazunguka njia ya nyuma nisikutane na kinyozi, hadi nywele zikanijaa kichwani.

Siku ya nne nilifunga mlango wa ofisi, nikamwambia najua kila kitu.

Hakukana. Akanisomea barua ya mfadhili: fedha ni za viti tu, si za pango, si za vipuri, si za mishahara. Alikuwa amewaandikia mara tano wafikirie angalau fundi. Walijibu kwamba fundi si mlengwa.

"Kwa hiyo ukala viti sita," nikasema.

"Mdogo wangu, tangu mwezi wa pili hakuna aliyelipia mikono yako. Ulidhani unalipwa na nani?"

Mapazia, akaniambia, alishona mwenyewe kwa shuka kuukuu. Simu zilikuwa za mwenye nyumba akidai pango. Akaniomba, mkaguzi wa mfadhili akija, niseme vyote ni vipya. Vile sita vitarudi kwa wenyewe, na watoto sita wa kwenye orodha, binti wa kinyozi akiwamo, watasubiri awamu ijayo. Nilimchukia kwa kuniambia. Wanangu walikuwa wamekunywa chai asubuhi ile, nami nilijua sasa imetoka wapi.

Mkaguzi alikuja Alhamisi, mtu mpole, ana kalamu mbili mfukoni. Viti vilipangwa uani. Kinyozi naye alikuja na binti mgongoni, kwa sababu ni mimi niliyemwambia, kabla ya haya yote, kwamba Alhamisi ndiyo siku ya kugawa viti. Miguu ya mtoto ilikuwa inafika magotini mwa baba yake.

"Vyote kumi na viwili ni vipya?" mkaguzi akaniuliza.

Dada alikuwa ananikazia macho, safari hii bila kupepesa. Nilimwonea huruma, na nilijionea zaidi. Nikakipindua cha saba miguuni pa mkaguzi.

"Nimekitengeneza hiki mara tatu," nikasema. "Sita ni vya zamani. Fedha za sita vipya zimelipa mshahara wangu. Kimoja kilikuwa cha yule mtoto."

Kinyozi alinitazama. Kisha akamsukuma binti juu kidogo mgongoni, akamshika vizuri, akaanza kurudi nyumbani.