Nzi wa Saleha

Saleha hakuwahi kumwona trauti, wala mto anamoishi. Alikuwa mshona kofia wa Ngamiani. Lakini katika Tanga nzima ya mwaka ule wa hamsini na nne, hapakuwa na mkono uliojua kufunga nzi wa kuvulia kama wake.

Mambo yalianzia kwa mdogo wake, Uweso, mpishi wa meneja wa shamba moja la mkonge huko Pongwe. Kila likizo meneja huyo alipanda Lushoto kuvua trauti, samaki wageni waliopandikizwa na Wazungu kwenye mito ya baridi ya Usambara. Huvuliwa kwa nzi wa bandia, yaani ndoana iliyofungwa nyuzi na manyoya ifanane na mdudu. Siku moja nzi wake walifumuka, Uweso akawaleta kwa dada yake. Saleha alimfumua mmoja uzi baada ya uzi, akacheka.

"Hiki nacho ni kitu cha kuagiza Ulaya?"

Safari nyingine Uweso alimletea kidudu cha mtoni alichopewa na meneja ndani ya kibiriti. Saleha akakigeuzageuza, akaamua kuacha marembo yote ya nzi wa Ulaya. Alizungushia ndoana uzi wa kahawia uliopakwa nta, akatia unyoya mmoja wa shingo ya jogoo, akabana, akakata. Basi. Nzi huyo, Uweso alisema, trauti walimgombania.

Miaka miwili alifunga. Kisha Uweso akaja na gazeti la Kiingereza: meneja kasimama na kikombe cha ushindi. Ernesti, karani wa shamba, alikuwa amemsomea Uweso kulekule Pongwe.

"Wameandika nzi hao kawabuni mwenyewe, na huwafunga jioni kwa mikono yake."

"Mikono ipi? Ile uliyosema haiwezi hata kufunga kifungo cha shati?"

"Dada, yaache. Mimi nakula pale."

Hakuyaacha. Jumapili alijitanda buibui, akapanda basi la Pongwe. Meneja alikuwa barazani na wageni.

"Hii mwanamke nataka nini?"

"Nimekuja kukutazama ukifunga nzi." Saleha akaweka mezani ndoana, uzi na unyoya. "Mmoja tu. Wageni wako nao waone."

Meneja alicheka, lakini shingo ilimwiva. "Ile mdudu nani nalileta? Mimi! Akili yangu. Wewe nashona tu."

Mgeni mmoja, mama wa Kizungu mwenye mvi, aliisogeza ndoana mbele ya Saleha. Saleha akafunga palepale, wima, chai yao haijapoa. Yule mama akamtazama meneja. Meneja akatazama mikonge.

Hakuna aliyesema pole. Jioni Uweso alirudi Ngamiani na sanduku lake, kafukuzwa kazi, na hakumsemesha dada yake. Gazeti halikuandika kitu.

Wiki mbili baadaye Ernesti akabisha hodi, mkononi ana ndoana mpya. Likizo imekaribia, na bwana anasema yamekwisha.

"Kwake yamekwisha!" Sauti ya Saleha ilifika mtaa wa pili. "Kanila jasho langu, kamtupa ndugu yangu nje, leo anatuma ndoana! Mwambie azifunge kwa akili yake!"

Kutoka chumbani ikasikika sauti ya Uweso, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

"Mwongezee na lile la kifungo cha shati, dada."